Lugha Isiyotaja Jinsia: Uhakiki wa Kipimo cha Usomi wa Wanawake

Mtu atakaye kujifunza maisha ya kielimu ya wanawake katika karne ya 18 huelekezwa kwanza Paris na London. Huambiwa habari za Madame Geoffrin, aliyewakaribisha nyumbani kwake katika mtaa wa Saint-Honoré wasanii siku ya Jumatatu na waandishi siku ya Jumatano. Huambiwa habari za Émilie du Châtelet, aliyefasiri kwa Kifaransa kitabu kikuu cha Newton, tafsiri ambayo ilitoka kamili mwaka 1759, miaka 10 baada ya kufa kwake. Hutajiwa Elizabeth Carter, aliyemfasiri Epictetus kutoka Kiyunani mwaka 1758, na Laura Bassi, aliyepata udaktari wa falsafa katika mji wa Bologna mwaka 1732 na akafundisha fizikia huko. Habari hizi ni za kweli, nazo zastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa fasihi.

Tatizo haliko katika habari zenyewe, bali katika kipimo ambacho msomaji huondoka nacho bila ya kukichungua. Kipimo hicho kina mambo matatu: baraza la watu mashuhuri, kitabu kilichopigwa chapa, na jina la mwanamke lililoandikwa juu yake. Aliye na mambo hayo huhesabiwa kuwa msomi. Asiye nayo huhesabiwa kuwa mama wa nyumbani aliyekuwa na busara. Kipimo hicho kikiletwa pwani ya Afrika ya Mashariki, na kikipandishwa bara mpaka Usukuma, huleta jibu moja tu: kwamba wanawake wetu hawakuwa na maisha ya kielimu mpaka zilipokuja shule za kisasa. Jibu hili hurudiwa mno katika insha za wanafunzi, na mara nyingine hata katika tasinifu.

Makala hii yakusudia kukihakiki kipimo hicho, nami nitashika njia ya isimu, kwa kuwa nadhani sehemu kubwa ya tatizo imo ndani ya lugha yenyewe. Nitadai kwamba lugha kubwa za Ulaya zilimtenga mwanamke msomi kwa kumpa jina la peke yake, ilhali Kiswahili hakikumpa jina la peke yake. Na kwamba jambo hili la pili, ambalo kwa haki twalisifu, limekuwa pia mlango wa kumsahau.

Jina la kutenga

Katika Kifaransa na Kiingereza cha wakati ule, mtu mwenye elimu alidhaniwa kuwa mwanamume mpaka ihakikishwe vingine. Alipotokea mwanamke mwenye elimu, lugha ilitafuta jina la kumweka pembeni. Molière alikuwa amekwisha kuwachekesha watu kwa mchezo wake juu ya wanawake wajuzi mwaka 1672, na tangu hapo jina lile la wanawake wajuzi likawa na kicheko ndani yake. Huko London, wenzake Elizabeth Montagu waliitwa Soksi za Buluu. Asili ya jina hili ni mwanamume, Benjamin Stillingfleet, ambaye alihudhuria mabaraza yao akiwa amevaa soksi za sufi za buluu, za kila siku, badala ya zile nyeusi za hariri zilizotakiwa na adabu za mjini. Jina lilianza kwa mzaha wa kirafiki. Lakini haikupita miaka mingi likawahamia wanawake peke yao, na mwishoni mwa karne ile lilikuwa limekwisha kuwa tusi.

Hata sifa zilitenga. Voltaire, alipomwombolezea Émilie du Châtelet mwaka 1749, alimwita mwanamume mkubwa ambaye ila yake moja ilikuwa kuwa mwanamke. Neno alilolitumia katika Kifaransa lina maana mbili, mwanamume na binadamu. Kwa hiyo hakuwa na njia nyepesi ya kumwita rafiki yake mtu mkubwa bila ya kumwondoa kwanza katika uanawake. Mfasiri wa Kiswahili atakayeandika "mtu mkubwa" atakuwa amefasiri sawasawa kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine atakuwa ameifuta dhihaka yote. Maana mtu kwetu ni mtu, akiwa mume au akiwa mke.

Hapa ndipo ilipo tofauti ya msingi. Ngeli za Kiswahili hazigawanyi viumbe kwa ume na uke. Msomi, mshairi, mtunzi, mwalimu, mwanachuoni, wote wamo katika ngeli moja ya watu, na kiambishi a- cha kitenzi hakisemi kama aliyetenda ni mwanamume au mwanamke. Jambo hili si la Kiswahili peke yake. Kisukuma kina mwendo huo huo pamoja na jamaa zake wa Kibantu, na hata Kituruki na Kiajemi, ambazo si jamaa zetu, hazina jinsia katika viwakilishi vyao. Wala jambo hili halithibitishi kwamba wasemaji wa lugha hizo waliwapa wanawake haki sawa. Sarufi si sheria ya nchi. Lakini sarufi huamua ni jambo gani msemaji atalazimika kulitaja na ni jambo gani aweza kuliacha. Na jambo liwezalo kuachwa, aghalabu huachwa.

Mfalme Fatima

Tuanze na ushahidi wa karne yenyewe ya 18. Nyaraka za Kiswahili zilizo kongwe kuliko zote zijulikanazo ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, zikapelekwa upande wa Wareno, na asili zake zimehifadhiwa katika hazina ya nyaraka ya Goa, Bara Hindi. Zimeutangulia Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 kwa miaka 17. Miongoni mwa majina yaliyomo katika barua hizo limo la mtawala wa Kilwa mwenyewe, Mfalme Fatima binti Mfalme Muhammad.

Yafaa tusite kidogo katika cheo hiki. Leo mwanafunzi akiulizwa mke wa mfalme, au mwanamke atawalaye, huitwaje, hujibu mara moja kwamba ni malkia, neno tulilolipata katika Kiarabu, nalo katika Kiarabu lina alama ya uke. Barua ya Kilwa haikulihitaji. Fatima ni mfalme, na baba yake ni mfalme. Cheo ni kimoja, na binti hakuongezewa wala kupunguziwa kitu katika neno. Atakayeifasiri barua hiyo kwa Kiingereza atalazimika kuchagua kati ya maneno mawili, na kwa kuchagua atakuwa ametia ndani ya barua tofauti ambayo mwandishi hakuitia.

Watu watasema kwamba mtawala huandikiwa na makarani, na kwamba barua ya serikali si kazi ya fasihi. Hoja hii haina nguvu. Kalamu ya karani haimwondolei mwenye barua kauli yake. Hatuwaondolei wafalme wa Ulaya barua zao kwa sababu hiyo. Na kuhusu fasihi, karne ya 18 ndiyo iliyoipandisha barua hata ikawa miongoni mwa fani kuu za waandishi wanawake. Lady Mary Wortley Montagu, ambaye sifa yake yote imesimama juu ya barua alizoziandika akiwa safarini Uturuki kati ya miaka 1716 na 1718, alishika kalamu ile miaka mitano baada ya barua za Kilwa. Barua zake zilipigwa chapa mwaka 1763, zikaenea Ulaya nzima. Barua ya Fatima iliingia katika faili la dola ya kigeni ikakaa humo. Kwa upande wa kuhifadhiwa na kusomwa, tofauti kati ya wanawake hawa wawili haikuletwa na akili zao. Ililetwa na mtu aliyeipokea barua na alilolifanya nayo.

Wala Fatima hakuwa wa peke yake. Habari za Pate zinamtaja Mwana Khadija, aliyetawala huko katika nusu ya pili ya karne hiyo hiyo. Na hapa pia cheo chake ni cha kutazamwa: Mwana, neno ambalo mahali pengi lina maana ya mtoto, katika pwani ya kaskazini ni neno la heshima kwa bibi muungwana.

Mwana Kupona na msichana mwenye kalamu

Kutoka karne ya 18 hatuna utendi wa mwanamke unaosomwa na wengi kama unavyosomwa wa Mwana Kupona binti Msham, uliotungwa mwaka 1858. Nauleta hapa ingawa umechelewa kwa miaka mingi, kwa kuwa ndio umbo lililokomaa la desturi ambayo haikuanza siku ile, na kwa kuwa ndio uliosomwa vibaya kuliko tendi nyingi.

Alice Werner na William Hichens walipoutoa kwa Kiingereza mwaka 1934, waliupa jina la nasaha juu ya wajibu wa mke. Tangu hapo wahakiki wamegawanyika makundi mawili. La kwanza limeusifu kwa sababu wafundisha utii. La pili limeulaumu kwa sababu hiyo hiyo. Makundi yote mawili yamekubaliana katika jambo ambalo lilipaswa kubishaniwa, yaani kwamba utendi huu wahusu mume. Kwa hakika beti zihusuzo mume ni sehemu tu. Ziko beti za dini, za adabu ya ulimi, za watu wa kuandamana nao na wa kuepukana nao, za huruma kwa maskini. Halafu yafuata dua ndefu, ambamo mama mgonjwa awaombea watoto na jamaa zake.

Nami nitamwomba msomaji atazame mwanzo na mwisho wa utendi, kwa kuwa humo ndimo mtunzi azungumzamo juu ya kazi yake. Mwanzoni Mwana Kupona, ambaye ameugua muda wa mwaka, amwita binti yake akae karibu, aje na wino na karatasi. Jambo hili limepitwa na wahakiki kana kwamba ni pambo. Lakini lasema wazi kwamba katika nyumba ile msichana alijua kuandika, na ya kwamba mama hakuona ajabu kumtaka aandike. Mwishoni mtunzi hawaelekei waume wala masheikh. Awaelekea wanawake, awahimiza wausome utendi na kuyafahamu maana yake. Kisha atia tarehe ya Hijria. Basi tunayo kazi iliyotungwa na mwanamke, ikaandikwa na mwanamke, ikatolewa kwa wanawake wasomao, na mtunzi mwenyewe akaiwekea tarehe. Baraza lake halikuwa la sebuleni mbele ya wanaume mashuhuri. Lilikuwa ndani, kando ya kitanda cha mgonjwa. Lakini lilikuwa baraza.

Nisije nikadhaniwa kuwa napamba mambo. Katika miaka ile ile ya 1850, Unguja, Salma binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye akajulikana kwa jina la Emily Ruete, alilelewa katika jumba ambamo mabinti walifundishwa kusoma, wasifundishwe kuandika. Alijifunza kuandika kwa siri, akiigiza herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Naye ndiye aliyetoa kitabu cha maisha yake Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani. Kwa hiyo pwani haikuwa kitu kimoja, na lililoruhusiwa Siu lilikatazwa katika jumba la Unguja. Tena usomi wa Mwana Kupona ulikuwa usomi wa waungwana: mtunzi yule yule aliyewataka wanawake wasome alimwonya binti yake asichangamane na watumwa ila kwa shughuli za kazi. Mabibi wa Paris nao hawakumwalika mpishi wao kukaa pamoja na wageni. Mhakiki hana budi kuyasema yote mawili kwa pumzi moja.

Hatari ya kutotaja

Sasa tuangalie upande wa pili wa sifa ya lugha yetu. Kwa kuwa mshairi hana jinsia katika sarufi, shairi lisilo na jina la mtunzi haliwezi kutuambia kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Ingetazamiwa basi kwamba mhakiki angeyaacha mambo hayo wazi. Sivyo afanyavyo. Lifasiriwapo shairi hilo kwa Kiingereza, mfasiri hulazimika kuandika kiwakilishi, naye huandika cha kiume. Tafsiri hiyo husomwa na mhakiki wa pili, ambaye huandika juu ya mtunzi kana kwamba uume wake umethibitishwa. Hatimaye dhana hii hurudi katika Kiswahili, katika vitabu vya kufundishia, ikiwa imekwisha kuwa historia.

Hivyo lugha za Ulaya zilimwonyesha mwanamke msomi kwa kidole ili acheke mtu. Lugha yetu haikumwonyesha kidole, na kwa hiyo alipopotea hakuna aliyegundua. Yule aliyedhihakiwa kwa kuitwa Soksi ya Buluu angalau aliacha alama katika kamusi. Mtunzi wetu aliyeitwa mshairi tu hakuacha alama yoyote, isipokuwa pale mtu alipotia juhudi ya kuliandika jina lake.

Mfano wa Lamadi

Hasara hii si ya pwani wala ya karne zilizopita tu. Mimi ni mtu wa Lamadi, mji ulio kando ya Ghuba ya Speke katika Ziwa Viktoria, pale ambapo barabara ya Mwanza na Musoma hutupa tawi la kwenda Bariadi. Katika nchi hii ya Usukuma elimu ya zamani ilikuwa na mahali pake. Wanaume na vijana walikaa jioni kuuzunguka moto wa shikome, na mafunzo ya shikome yametajwa na waandishi wengi. Mafunzo yaliyotolewa jikoni na vyumbani, ambamo mabibi waliwasimulia wajukuu, hayakutajwa vivyo, ingawa ndiyo yaliyomfikia kila mtoto kabla hajapata umri wa kukaa na wanaume.

Tuchukue hadithi ijulikanayo kuliko zote za Usukuma, ya Shing'weng'we na Masala Kulangwa. Jitu lile lilimeza watu wote pamoja na mifugo yao, akasalimika mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha. Akazaa mtoto wa kiume, naye alipokua akauliza walipo watu. Kila alipoua kiumbe alikileta kwa mama yake akamwuliza kama huyo ndiye Shing'weng'we, na mama akamjibu kuwa siye. Mpaka siku alipoliua jitu lenyewe, akalipasua, na watu wakatoka.

Hadithi hii hufasiriwa shuleni kuwa ni ya ushujaa wa kijana. Lakini jina la kijana laundwa na masala, yaani akili, na kulangwa, yaani kufundishwa. Ni akili ifundishwayo. Na katika hadithi nzima hakuna mwalimu ila mama. Yeye peke yake alibaki akijua ulimwengu ulivyokuwa kabla ya kumezwa. Yeye peke yake ajua umbo la adui. Kila jibu lake la kukataa ni somo, na bila ya masomo hayo upanga wa kijana ungeishia kwa panzi na ndege. Hadithi yenyewe, kwa maneno mengine, yaeleza jinsi elimu ya jamii iliyomezwa ilivyoweza kuhifadhiwa na mwanamke mmoja. Na imetufikia kwa vinywa vya wanawake wengi waliofanya kazi hiyo hiyo.

Je, wanawake hao wameandikwa? Katika tasinifu nilizozisahihisha kwa miaka kadhaa nimekuta hadithi za Kisukuma zilizokusanywa kwa bidii, zikafasiriwa vizuri, na mwisho wake yakaandikwa maneno haya tu: "imesimuliwa na bibi mmoja." Jina la mkusanyaji limo katika jalada kwa herufi kubwa. Barua za Lady Montagu zina mfano wa namna hii hii. Mwaka 1717 aliandika kutoka Uturuki jinsi vikongwe wa huko walivyowachanja watu usaha wa ndui ili wapate ndui hafifu na kuokoka ile kali. Akamchanja mwanawe mwaka 1718, na mwaka 1721 binti yake huko London. Elimu ilikuwa ya vikongwe wale, na jina likabaki la mwandishi wa barua. Msomi mwanamke wa Ulaya naye aliweza kuwasahaulisha wanawake wasioandika, bila ya kukusudia.

Yatupasayo

Kutokana na haya natoa mapendekezo matatu kwa wenzangu wa taaluma hii. La kwanza ni kwa wakusanyaji: hadithi, wimbo au shairi lisipokelewe katika hazina zetu bila ya jina la msimulizi, kwa idhini yake, pamoja na mahali na tarehe. Asiyetaka kutajwa aheshimiwe, lakini iandikwe kwamba yeye mwenyewe alikataa. La pili ni kwa wafasiri: pale ambapo Kiswahili au Kisukuma hakikutaja jinsia ya mtunzi, tafsiri isiivumbue; na ikiwa lugha ya kigeni yalazimisha, mfasiri aeleze katika dibaji kwamba amelazimishwa. La tatu ni kwa waandishi wa vitabu vya shule: mfululizo wa historia ya fasihi yetu utiwe barua za Kilwa za mwaka 1711 mahali pake, na Mfalme Fatima atajwe kwa cheo chake alichojiitia.

Haya si mambo ya kupendeza wageni, wala si mashindano ya kuonyesha kwamba nasi tulikuwa na akina Madame Geoffrin wetu. Hatukuwa nao, na hatuwahitaji. Tulikuwa na wanawake walioandika barua za dola, waliotunga tendi kando ya vitanda vya ugonjwa, na waliohifadhi elimu ya ukoo bila ya karatasi. Wa kwanza wametufikia kwa kuwa faili moja liliwekwa vizuri Goa. Wa pili wametufikia kwa kuwa binti alileta wino. Wa tatu bado wako Lamadi na katika vijiji vinavyoizunguka, ni wazee sana, na wajukuu wao wengi hawafahamu tena Kisukuma cha hadithi vizuri. Kazi ya kuwaandika ni yetu, na muda wake ni mfupi.